Homa ya Mtoto Mwenye Seli Mundu: Maswali na Majibu

Badiliko la jeni huiathirije protini?

Seli mundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi unaotokana na badiliko la jeni, kwa hiyo tuanzie hapo. Jeni hubeba maelekezo ya kupanga asidi za amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, na mpangilio huo ndio unaoamua umbo la protini na kazi yake. Maelekezo yakibadilika, asidi moja inaweza kuchukua nafasi ya nyingine, au protini ikakatika kabla ya kukamilika. Mabadiliko mengine hayadhuru chochote.

Katika seli mundu hutokea nini?

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu, ina minyororo 4: alfa 2 na beta 2. Herufi moja tu ya jeni ya beta ikibadilika, asidi ya glutamiki iliyo nafasi ya 6 huondoka na asidi nyingine ya amino, valini, hukaa mahali pake. Asidi ya glutamiki hupatana na maji, lakini valini huyakwepa, hivyo himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hujishikiza kwenye himoglobini jirani, na zikiungana nyingi hufanya nyuzi ngumu zinazoipinda chembe nzima. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, na mtoto hupungukiwa damu.

Mbona alizaliwa mzima?

Kwa sababu mtoto mchanga bado anatumia himoglobini ya tumboni, isiyo na mnyororo wa beta. Ikishapungua, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, vidole na miguu huanza kuvimba, na hapo ndipo ukoo huanza kumtafuta mchawi au kumlaumu mama. Mchawi hayupo. Baba na mama wamerithisha kila mmoja jeni moja iliyobadilika, nao wenyewe wakiwa wazima. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban asilimia 13 ya watoto wadogo waliopimwa nchini Uganda wanaibeba jeni hiyo, na Bundibugyo pamoja na baadhi ya wilaya za kaskazini zilikuwa juu zaidi.

Akipata homa, nimpe dawa ya malaria kwanza nione?

Hapana. Usisubiri uone. Bandama, ambayo huchuja bakteria katika damu, huharibiwa na seli mundu tangu utotoni, na mtoto asiye na bandama inayofanya kazi anaweza kuuawa na bakteria ndani ya saa chache. Watoto wanaotufikia hospitalini wakiwa mahututi, mara nyingi homa yao ilianza siku mbili tatu zilizopita, wakanunuliwa vidonge dukani, kisha wakapelekwa kwa mganga. Mlete siku hiyo hiyo.

Na kama homa imeshuka kwa parasetamoli?

Mlete. Parasetamoli hushusha joto, haiui bakteria.

Kama kipimo cha dukani kimeonyesha malaria?

Mlete vilevile. Malaria yenyewe ni hatari sana kwake, na kuikuta hakuthibitishi kwamba hana bakteria katika damu.

Mganga akimchanja mahali palipovimba?

Tunawaomba wazee wetu, kwa heshima zote, waache jambo hili. Wembe hauibadilishi himoglobini. Humfungulia njia ya maambukizi mtoto asiye na kinga ya kutosha.

Dawa za kila siku ni zipi?

Penisilini mara mbili kwa siku angalau hadi afikishe miaka 5, asidi ya foliki, na dawa ya kuzuia malaria pamoja na chandarua. Wazazi wengi huacha penisilini mtoto anapoonekana ana nguvu, ilhali huo ndio wakati inapomlinda. Muulizeni pia daktari kuhusu dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo huongeza himoglobini ya tumboni: katika utafiti uliohusisha watoto wa Mbale, nchini Uganda, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019, maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Homa imeanza usiku na hospitali iko mbali. Nifanye nini?

Ondoka usiku huo. Pitia kituo cha afya kilicho karibu na useme, kabla ya neno lingine lolote, kwamba mtoto ana seli mundu, ili apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki kabla ya kuhamishiwa hospitali. Beba kitabu chake cha kliniki, na mpe maji ya kunywa njiani kama anaweza kumeza.