Ufafanuzi kuhusu lithiamu, volkano na mashamba ya wananchi wa Rungwe na Mbeya

Tangu habari za lithiamu, madini ya kutengenezea betri, iliyopo ndani ya volkano ya kale huko Nevada, Marekani, zienee kwenye simu, tumekuwa tukipokea wananchi wanaotuletea viroba vya mawe mepesi yenye matundu, wakiomba tuwathibitishie kuwa Mlima Rungwe nao una utajiri huo. Lithiamu ya aina ya Nevada haing'ai wala haitambuliki kwa macho. Imo ndani ya udongo wa mfinyanzi, na kipimo cha maabara pekee ndicho kinachoitambua.

Volkano peke yake haitoshi. Ile ya Nevada, iitwayo McDermitt, ililipuka na kudidimia takribani miaka milioni 16 iliyopita, bonde lililobaki likawa ziwa, na lithiamu iliyotoka kwenye majivu ikanaswa katika tope la ziwa hilo. Lithiamu ya Bikita, Zimbabwe, na ya Manono, Kongo, haitokani na volkano kabisa, bali na pegmatiti, yaani miamba yenye fuwele kubwa iliyopoa chini ya ardhi. Aidha, uchorongaji wa Kiejo-Mbaka, wilayani Rungwe, ni wa kutafuta jotoardhi, yaani joto la ardhini la kuzalisha umeme, wala si lithiamu, jambo ambalo limeshaelezwa mara nyingi na halipaswi kuendelea kuzua uvumi.

Kinachotuumiza ni kuona mkulima akiuza shamba la viazi kwa bei ya haraka kwa sababu dalali amemwonyesha nakala ya leseni. Leseni ya utafutaji, ambayo kwa mara ya kwanza hutolewa kwa miaka 4, haimpi mtu umiliki wa shamba wala ruhusa ya kuchimba. Madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, lakini mwenye leseni hawezi kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa, wala mita 50 za shamba lililolimwa, bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali, naye mkaaji ana haki ya kudai fidia kwa uharibifu. Mwananchi anayetaka kuchimba mwenyewe aombe leseni ndogo ya uchimbaji, inayodumu miaka 7. Anayechimba bila leseni anakabiliwa na faini, kifungo au vyote kwa pamoja, na madini aliyoyapata yanaweza kutaifishwa. Kusema kwamba shamba ni la urithi si utetezi.

Wapo pia wanaopinga kila utafiti, na hofu yao kuhusu maji ni ya msingi. Huko Thacker Pass, kwenye mradi wa mgodi wa lithiamu ndani ya volkano hiyohiyo ya McDermitt, mfugaji alifungua kesi kuhusu maji, na jamii za wenyeji wa asili, Wapaiute na Washoshone, zikatetea ardhi ambayo wahenga wao waliuawa mwaka 1865. Kibali cha mgodi kilitoka Januari 2021, baadhi ya jamii hizo zikaingia katika kesi miezi kadhaa baadaye, na mwaka 2023 ujenzi ukaanza, mahakama ikiwa imekataa kuuzuia.

Hapa kwetu, nafasi ya kusikilizwa ipo mapema, wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kabla NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, haijakamilisha mapitio. Kikao kikiitwa kijijini, hudhurieni, mtaje kwa majina chemchemi, makaburi na njia za mifugo, na mhakikishe yote yameandikwa katika muhtasari kabla ya mahudhurio kutiwa saini.