Hapana, kwinini haitoki maabara

Jumamosi nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu. Mhazini alipomaliza kusoma majina ya wadaiwa wa ahadi, akanigeukia mbele ya watu wote: "Prof, hivi nyie bado mnahangaika na magome ya miti? Si wazungu walishatengeneza kwinini maabara tangu Vita vya Pili?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana pilau lilikuwa njiani na sikutaka lipoe nikihubiri. Lakini swali hilo nimeulizwa na dereva wa bodaboda, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu akitetea mradi wake, na mara moja, Mungu amsamehe, na mjumbe wa jopo lililokuwa linaamua kama nipewe fedha za utafiti. Nalijibu hapa, siku nyingine nitume kiungo tu nile kwa amani.

Kwinini inayouzwa, ile dawa ya malaria, ya vidonge, ya drip, na ile inayoyapa maji ya toniki uchungu wake, inatoka kwenye gome la mti wa sinkona. Mashamba yake yapo hadi leo milimani Kivu, huko Kongo. Kwetu Wajerumani waliupanda Amani, Usambara, na Vita vya Kwanza vilipowafungia bahari, askari wao walimeza kwinini iliyotoka kwenye magome hayo hayo ya kwetu. Hakuna kiwanda kinachoijenga kuanzia mwanzo ili kuiuza.

Sasa hiyo habari ya vita. Inabidi nianze na kijana William Perkin wa London, ambaye mwaka 1856, akiwa na miaka 18, alihesabu atomu za kwinini kama mtu anayehesabu matofali: chukua hiki mara mbili, ongeza oksijeni, toa maji, kwinini hiyo. Akapata tope, na katika kuhangaika nalo akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha. Hesabu ya matofali ilikuwa sahihi. Nyumba ndiyo hakuijua, na hakuna aliyeijua hadi mkemia Mjerumani Paul Rabe alipoionyesha mwaka 1908.

Na nyumba yenyewe ni balaa. Kwinini ina kaboni nne ambazo kila moja inaweza kukaa kwa namna mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili: isoma 16 (maumbo tofauti ya molekuli), zote zina fomula ile ile, na kwinini ni moja tu kati yake. Nyingine ni kwinidini, ambayo madaktari wameitumia kutuliza mapigo ya moyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimetengeneza kwinini", swali langu la kwanza ni: ipi? Tena uniletee na spektra, ile michoro ya mashine inayoonyesha umbo la molekuli.

Mwaka 1942 Wajapani waliichukua Java, na sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia ilikuwa inatoka huko. Pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Robert Burns Woodward na mwenzake William Doering wakaingia kazini. Woodward alikuwa wa ajabu: chuo chake cha kwanza, MIT, kilimwondoa kwa kutohudhuria inavyopasa, kikamrudisha, akapata udaktari wake mwaka 1937 akiwa na miaka 20. Mwaka 1944, ndiyo kwanza ametimiza miaka 27, wakatangaza usanisi kamili wa kwinini, yaani kuijenga maabara kuanzia mwanzo. Magazeti yakashangilia. Hiyo ndiyo habari iliyomfikia mhazini wetu, miaka 80 baadaye, ikiwa imekatwa mkia.

Mkia wenyewe ni huu, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo damu yangu inapochemka. Woodward na Doering hawakufika kwenye kwinini. Walifika kwenye kwinotoksini, molekuli ambayo kaboni mbili tu kati ya zile nne zimeshapangwa. Hapo wakaweka kalamu chini. Kwa nini? Kwa sababu Rabe na mwenzake Kindler walikuwa wameandika mwaka 1918, kwa ufupi sana, kwamba wameigeuza kwinotoksini kuwa kwinini kwa hatua tatu. Basi, wakasema vijana wa Harvard, mlolongo umetimia: sisi hadi hapa, Rabe kutoka hapa. Ni kama kusema umeshasafiri Dar hadi Mwanza kwa kuwa umefika Dodoma na jirani yako aliwahi kukuambia basi la kuendelea lipo.

Na zile kaboni mbili zilizobaki, ngumu kuliko zote, zilitegemea neno la jirani.

Vitabu vya kufundishia huandika "1944" na kuendelea mbele. Mwaka 2001 mkemia Gilbert Stork, mzee wa karibu miaka 80 aliyeanza kuifikiria kwinini akiwa kijana, alichapisha njia ya kuijenga huku kila kaboni ikielekezwa inakotakiwa, na katika makala hiyo hiyo akahoji kama madai ya 1944 yana miguu. Wakemia wakagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Mwaka 2008 Aaron Smith na Robert Williams, huko Colorado, wakairudia kazi ya Rabe kwa mbinu za enzi ile. Mwanzoni ikagoma. Kumbe tatizo lilikuwa unga wa alumini unaohitajika kwenye hatua ya mwisho: walikuwa wanatumia mpya, safi. Walipotumia uliokwisha kupigwa na hewa, ikakubali, kwa mavuno haba. Rabe hakuwa mwongo. Kopo lake lilikuwa kuukuu, na hakujua kwamba hilo ni jambo la kuandika.

Mimi niko upande gani? Hubadilika. Nikiwa nasahihisha tasnifu, niko na Stork: kama hukuishika kwenye chupa, usiiandike kwenye kichwa cha makala. Nikiwa maabara saa mbili usiku, mmenyuko uliokubali jana umegoma leo, namwonea Rabe huruma.

Haya, tuseme njia ipo na inafanya kazi. Bado kuna mavuno, yaani kiasi unachobaki nacho mkononi. Hatua 20, kila moja ikikupa asilimia 90, mwisho unabaki na asilimia 12. Zikikupa 80, unabaki na kama moja. Wanafunzi wangu wakipata 80 baada ya kupitisha kwenye kolamu ya kusafishia tunanunua soda. Mti hauna mambo hayo. Vimeng'enya vyake haviagizi kiyeyushi kutoka nje na kusubiri miezi bandarini.

Kama kwinini iko mbali, chukua mwarobaini wa nyuma ya nyumba. Mbegu zake zina azadiraktini, inayomfanya nzige akatae kula. Timu ya Steven Ley, Cambridge, iliifanyia kazi miaka 22 na kukamilisha usanisi wake mwaka 2007, hatua zaidi ya 60, mavuno asilimia 0.00015. Yaani kati ya molekuli milioni zilizoanza safari, moja na nusu ndiyo inafika. Tena ili wapate malighafi ya kutosha kumalizia hatua za mwisho, walichukua azadiraktini ya mwarobaini wenyewe, wakaibomoa hadi katikati, wakaijenga upya. Nawavulia kofia, kazi ile ni kubwa. Ila mkulima anayetaka dawa ya wadudu ataendelea kutwanga mbegu.

"Sasa mnafanya ya nini?" Swali la haki. Woodward huyo huyo, pamoja na Albert Eschenmoser wa Zürich na watu kama 100, walikamilisha vitamini B12 mwaka 1972. B12 ya vidonge hadi leo inatengenezwa na bakteria. Lakini katikati ya kazi ile mmenyuko mmoja ulikaidi, ukatoa mkono usiotarajiwa, na kutokana na kuutafakari Woodward na Roald Hoffmann wakatoa kanuni za kutabiri mmenyuko utatoa mkono upi, ambazo leo nawafundisha wanafunzi kwa wiki tatu na bado wanazifeli.

Na maabara imewahi kulishinda gome, ila kwa kutengeneza kitu kingine. Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934: ina sehemu ya umbo la kwinini, haina ule msitu wa kaboni za kulia na kushoto, hatua chache, bei ya kutupwa. Tuliokua miaka ya themanini tunaikumbuka kwa mwasho. Tanzania iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, vimelea vilipoizoea, na kwinini, ya mti, ikabaki inasubiri wagonjwa mahututi, na masikio yao yakivuma.

Mimi mwenyewe, miaka zaidi ya 20 ya kemia ogani, sijatengeneza dawa hata moja iliyofika dukani. Nina makala moja ya zamani kuhusu molekuli ya mzizi fulani ambayo kuna kaboni niliichora ikiangalia juu, na siku hizi nadhani inaangalia chini. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Sampuli ilikwisha zamani.

Mhazini nilimweleza robo ya haya kati ya pilau na matunda. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama mti huo unaweza kuota shambani kwake Lushoto, na gome linavunwa baada ya muda gani. Nikamwambia unaota, ila hesabu miaka, tena mingi. Akarudi kwenye daftari lake la michango.