Nani Atakaa Bure? Namna Ninavyozichagulia Familia Michezo ya Usiku Hapa Lamu

Mwanzoni mwa likizo ya Agosti alinijia jirani yangu mmoja wa mtaa wa Langoni na swali ambalo nimelizoea: anunue mchezo gani ili watoto waziweke simu chini walau usiku mmoja kwa juma, wakae na wazazi wao mkeka mmoja? Sikumtajia mchezo. Nilimwomba kwanza anihesabie watakaokaa, umri wa kila mmoja, nani anasoma Kiingereza na nani hasomi, na baada ya sala ya Isha wanabakiwa na muda gani kabla ya yule mdogo kuanza kusinzia. Walikuwa sita: yeye na mumewe, mama yake mzazi, mtoto wa kiume wa miaka 14, msichana wa miaka 10, na kitindamimba wa miaka 6. Muda wao ulikuwa saa moja na nusu, usiozidi hapo.

Nimefundisha bao kwa zaidi ya miaka 20, na kabati langu la michezo huazimwa na nyumba nyingi za mitaa ya Mkomani na Langoni, kwa hiyo nimepata kuona michezo mingi ikirudi ilivyo, haijaguswa tena baada ya usiku wa kwanza. Nilipoanza kuuliza sababu, majibu yalinifikisha mahali pamoja karibu kila mara. Kuna mtu alikaa bure. Aidha alitolewa mapema akawa anawatazama wenzake, au alingoja zamu yake mpaka akachoka, au hakuelewa kilichoandikwa kwenye kadi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto au bibi, yaani wale wale ambao usiku huo uliandaliwa kwa ajili yao. Ndiyo maana swali ninaloanza nalo siku hizi kwa kila mchezo ni hili: nani atakaa bure, na kwa muda gani?

Chukulia Monopoly, mchezo wa kununua viwanja na kuwatoza wenzako kodi, ambao wengi huutaja kwanza kwa kuwa wameuona madukani Mombasa. Kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza mchezo huu mwaka 1935 huko Marekani, lakini mzizi wake ni mchezo wa Elizabeth Magie uliopewa hataza mwaka 1904, ambaye nia yake ilikuwa kuonyesha madhara ya watu wachache kuhodhi ardhi na kuwatoza wengine kodi. Umbile hilo halijaondoka: anayefilisika hutoka, na waliobaki huendelea bila yeye. Katika nyumba yenye mtoto wa miaka 6, anayetoka kwanza hujulikana kabla mchezo haujaanza, na wakubwa wanaweza kuendelea saa nzima hali yeye ameshalala. Nyumba nyingi pia huurefusha mchezo huu bila kujua, kwa sababu huweka fedha za faini katikati ya ubao ili azichukue atakayetua kwenye kituo cha bure, jambo ambalo halimo katika kanuni, na husahau kwamba kiwanja ambacho aliyetua juu yake amekataa kukinunua kinapaswa kupigwa mnada papo hapo. Atakayeshika kanuni hizo mbili ataufupisha kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kwa familia ya jirani yangu niliuacha kabatini.

Ludo ina hitilafu ya namna nyingine, nayo inaweza kupimwa kwa hesabu. Kete haitoki nyumbani mpaka dadu lionyeshe sita. Uwezekano wa kutupa dadu mara 5 bila kupata sita hata mara moja ni tano kwa sita, ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, ambayo ni takribani 40 kwa 100. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 10 wanaoketi kucheza, 4 wanaweza kukaa mizunguko mitano mizima wakiwatazama wenzao wakizunguka ubao. Mkiruhusu moja itoe kete kama inavyotoa sita, idadi hiyo hushuka hadi kama 13 kwa 100, na mkianza kila mtu akiwa na kete moja tayari njiani, tatizo hutoweka kabisa. Mimi hupendekeza hilo la mwisho. Kuhusu nyoka na ngazi sina mengi: hakuna uamuzi wowote ndani yake, dadu ndilo linalocheza, lakini mtoto anayejifunza kuhesabu hadi 100 hufaidika nao, na dakika 15 zinatosha.

Kwetu Lamu kuna jambo jingine la kuuliza kabla ya kupeleka mchezo wowote wa dadu nyumbani kwa mtu. Zipo familia zisizoruhusu dadu kwa kufuata hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inayokataza nardashiri, mchezo wa kale wa ubao unaochezwa kwa dadu, na wanazuoni wengi wamelitanua katazo hilo kwa michezo ya dadu kwa jumla. Mimi si mwanachuoni wa kutoa fatwa, ila najua kwamba bibi anayeketi mkekani huku moyo wake umekereka hachezi, amekaa bure hata kama ana zamu. Nauliza mapema, kwa adabu, na wakisema hawataki, michezo iliyobaki ni mingi kuliko iliyoondoka. Kamari haimo katika mazungumzo haya. Hata peremende hatuziwekei dau.

Mchezo unaonipa kazi tamu kuliko yote ni Scrabble, wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi, kwa sababu hauwezi kuchezwa kwa Kiswahili kama ulivyotoka dukani. Alfred Butts, mbunifu wa majengo wa Marekani aliyeubuni katika miaka ya 1930, alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi iwekwe mara ngapi na ipewe alama ngapi. Hesabu zake ni za lugha hiyo. Katika vibao 100 vya toleo la Kiingereza, K ni moja tu, kwa hiyo maneno kama kuku, kaka, keki na kikombe hayaandikiki mpaka upate kibao kitupu kinachosimamia herufi yoyote, navyo ni viwili tu. M ni mbili. Mtu akishaandika mama, zimekwisha. E ni 12, nyingi kuliko haja yetu, na Q na X hazina pa kwenda. Kisha Z inalipa alama 10 na J alama 8 kana kwamba ni herufi adimu, ilhali sisi tuna baraza, pweza, zawadi, jua na maji vinywani kila siku.

Dawa yake ni karatasi ndogo za gundi. Katika seti yangu nimezibandika juu ya vibao tisa: Q, X, C moja, V moja na E tano. Juu ya karatasi hizo nimeandika K tatu, M mbili, W mbili, A moja na Z moja, na K, M na W zote nimezishusha hadi alama moja moja, Z na J hadi alama nne. Si mgawo wa mwisho, bado naurekebisha kila baada ya miezi, lakini mchezo ulibadilika tangu usiku wa kwanza.

Baada ya herufi huja suala la maneno, na hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake, kwa kuwa kitenzi chetu hupanuka pande zote mbili. Ukikuta pika ubaoni unaweza kuongeza mbele yake upate anapika, mwenzako akaongeza nyuma apate anapikaje, na hakuna aliyekosea. Lazima mkubaliane mapema mpaka uko wapi. Kanuni yangu ni kwamba kila neno linaruhusiwa, mradi aliyeliandika alitumie katika sentensi kwa sauti na waliopo waielewe. Maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, pia nayakubali. Bibi akiandika ndia, mato au mai, haya ni maneno ya nyumba hii, na mjukuu aliyezoea njia, macho na maji ya vitabuni atayachukua kutoka kwake bila kufundishwa. Nimeona pia kwamba bibi anayesoma hati ya Kiarabu kwa wepesi kuliko hati ya Kilatini hustawi akiunganishwa na mtoto wa shule: mmoja huleta maneno, mwingine huleta tahajia. Watu sita wakicheza wawili wawili huwa timu tatu, na zamu hurudi haraka.

Kwa nyumba yenye umri uliotawanyika kama ile ya jirani yangu, mchezo ninaoutoa kabatini kwanza ni dhumna, au domino kama vijana wanavyoiita. Vipande ni 28, kuanzia sufuri kwa sufuri hadi sita kwa sita. Wanne hugawana saba saba wakacheza kwa ubia, anayekukabili akiwa mwenzako. Sita huchukua vinne vinne na vinne vilivyobaki vikalazwa kifudifudi. Mtoto wa miaka 6 anahitaji kufananisha nukta tu, naye anacheza mchezo ule ule anaoucheza babu yake, ambaye kichwani anahesabu jambo jingine kabisa: kila nambari imo katika vipande saba, kwa hiyo akiona vipande vitano vya sita vimeshashuka naye ameshika viwili, anajua kwamba hakuna mwingine mwenye sita. Mkono mmoja humalizika kwa takribani dakika kumi, hivyo aliyeshindwa hapati muda wa kununa. Sijui mchezo mwingine wa bei hiyo unaofanya hayo yote.

Keram nayo humpa mtoto nafasi ya haki, kwa kuwa ni kazi ya kidole na jicho: kete 9 nyeusi, 9 nyeupe, malkia mwekundu mmoja, na poda kidogo ubaoni. Inataka sakafu iliyo sawa na migongo inayoweza kuinama.

Kuhusu bao, nakiri kwamba nina mapenzi nalo, lakini sitalisukuma kwa mtu asiyelihitaji. Ni mchezo wa wawili, na bao la kiswahili kamili ni gumu: mashimo 32 katika safu nne za nane nane, komwe 64 ambazo ndizo kete, kila mmoja akianza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa ndani ya shimo kuu liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 mkononi za kunamulia, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, kisha kete za mkononi zikiisha mchezo unaingia hatua ya pili, mtaji, na sheria zinageuka. Ukimtupa mtoto humo siku ya kwanza utampoteza. Anza na bao la kujifunza, ambalo kete mbili mbili huwekwa katika kila shimo, hakuna kunamua, na mtoto anaanza moja kwa moja kuzungusha, kuhesabu na kula. Anayebaki na safu ya mbele tupu, au asiye na shimo lenye kete zaidi ya moja, ameshindwa.

Na watu sita? Huwagawa watatu watatu, nikaweka sharti moja ninalolisimamia kwa ukali: anayeshika kete ni mdogo wa timu, kila mara, na yeye ndiye anayetamka kwanza shimo analolitaka kabla ya mkubwa yeyote kufungua kinywa. Bila sharti hilo baba hucheza peke yake kwa mikono ya watoto. Kwa kuwa bao la barazani limezoeleka kuwa la wanaume, na hata katika mashindano ya bao ya Tamasha la Utamaduni la Lamu utawaona wao, watoto wengi hawajui kama bibi zao wanalicheza. Wengine wanalicheza vizuri sana, na nasikitika kila ninapogundua hilo kwa kuchelewa.

Mahali pa kuchezea pia huamua. Msimu wa kusi, juu ya dari, yaani paa la nyumba, kadi na karatasi hupeperuka hadi uani kwa jirani. Huko peleka bao, ambalo komwe zake hazisogezwi na upepo, na michezo ya kadi iacheni ndani au kwenye daka, ukumbi wa mlangoni. Hewa ya bahari huvimbisha maboksi ya karatasi, kwa hiyo vipande vyote hukaa katika makopo yenye vifuniko, na ndani ya kila kopo naweka karatasi yenye idadi yake ili anayeazima ahesabu kabla ya kurudisha.

Jirani yangu alichukua dhumna na keram. Baada ya wiki mbili aliirudisha keram kwa sababu ya mgongo wa mama yake, akachukua bao, na nikasikia kwamba mama huyo aliwafunga wote mfululizo. Dhumna ingali kwao. Kipande cha tano kwa tatu kilipotea, na yule mtoto wa miaka 14 amechonga kingine kwa mbao ya mbambakofi, kizito kidogo kuliko wenzake, hivyo sasa kila mtu akikishika anakitambua kabla ya kukigeuza, nami nimemwambia akichonge upya kiwe chembamba zaidi.