Nyumba Kuwa Lokesheni: Maana ya Kupangisha Nyumba kwa Watu wa Filamu

Kupangisha nyumba kwa watu wa filamu na televisheni ni neno moja lenye mambo mawili ndani yake, na wenye nyumba wengi huyachanganya. La kwanza ni nyumba kuwa lokesheni, yaani mahali kamera inapowekwa na hadithi inapochezwa. La pili ni nyumba kuwa malazi: waigizaji na mafundi waliotoka mbali wanalala kwako wiki kadhaa au miezi, huku kazi yao ikifanyika kwingine.

Hili la malazi ni upangishaji wa kawaida wa nyumba yenye samani, isipokuwa mpangaji wako anaishi kwa ratiba asiyoimiliki. Leo anatoka alfajiri, kesho anarudi alfajiri. Mvua ikiharibu siku tatu za kurekodi, tarehe yake ya kuondoka nayo inasogea, kwa hiyo mkataba ueleze mapema siku za nyongeza zitalipwaje. Nchini Uingereza, anayempangisha mtu chumba chenye samani ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe hatozwi kodi kwa pauni 7,500 za kwanza anazopokea katika mwaka wa kodi. Unafuu huo unamfaa sana mtu anayepokea waigizaji wa kupita.

Lokesheni ni habari nyingine, na ndiyo inayohitaji kuelezwa kwa kirefu.

Mpangaji wa kawaida hulipia pa kulala. Mtayarishaji wa filamu hulipia ruhusa: kuingia na watu na mitambo, kuigeuza nyumba ifanane na hadithi yake, kisha kuzitumia picha alizopata popote na wakati wowote bila kurudi kukuomba tena. Ruhusa hii ya mwisho husainiwa na wengi bila kusomwa. Ukishaitoa, huwezi kupiga simu miaka mitano baadaye kusema hutaki tena sebule yako ionekane. Kama kuna kitu hutaki kionekane kabisa, labda namba ya nyumba, jina la familia mlangoni au picha za watoto ukutani, kisemwe kabla ya kusaini. Picha za kuchorwa zilizotundikwa ukutani mara nyingi huondolewa hata usipoomba, kwa sababu mchoraji ana hakimiliki yake na mtayarishaji hataki kudaiwa.

Anayebisha hodi kwanza ni mtafuta lokesheni. Watu hudhani anatafuta nyumba nzuri. Anatafuta nyumba inayofanana na mhusika: ya mjane mwenye madeni, ya daktari, ya vijana waliohamia juzi. Baada ya hapo macho yake yanahamia kwenye mambo ambayo mwenye nyumba hakuyawaza. Malori yataegeshwa wapi? Vyumba vina upana wa kutosha kamera irudi nyuma? Jua linaingia upande gani, na saa ngapi? Kuna shule, barabara kuu au njia ya ndege karibu? Nyumba ya kupendeza isiyo na maegesho mara nyingi hushindwa na nyumba ya kawaida yenye uwanja mpana.

Malipo huhesabiwa kwa siku, na siku zenyewe hazilingani. Kuna siku za maandalizi, ambapo idara ya sanaa inaleta samani zake na pengine kupaka kuta rangi nyingine. Kuna siku za kurekodi, ambazo bei yake ndiyo ya juu. Kuna siku za kubomoa na kurudisha, na hizi pamoja na zile za maandalizi mara nyingi hulipwa pungufu, kama nusu hivi. Halafu kuna siku ambayo mwenye nyumba husahau kuidai, ya kusubiri. Watu wamekwenda kurekodi kwingine, watarudi kesho kutwa, lakini seti, yaani vyumba walivyovipanga kwa ajili ya kamera, imeachwa jinsi ilivyo na hairuhusiwi kuguswa. Kikombe kilichoachwa mezani kibaki palepale, mpini ukielekea kulekule, maana kikisogea tukio la jana halitaungana na la kesho. Huwezi kuitumia sebule yako siku hiyo, kwa hiyo ilipwe.

Siku ya kurekodi yenyewe inaweza kuleta watu 50, au zaidi ya 100 kwa kazi kubwa. Kikundi kinachojua kazi hutandika sakafu nzima kwa kadibodi nene kabla ya kitu kingine chochote kuingia, na hufunika pembe za kuta kwenye njia za kupitisha vifaa. Hilo lingekuwa jambo la kwanza ningeliangalia ili kupima umakini wa kikundi. Umeme wa nyumba mara nyingi hauwezi kubeba taa zao, kwa hiyo huja na jenereta inayowekwa mbali ili isisikike. Madirisha hufunikwa kwa vitambaa vyeusi mchana kutwa ili ndani iwe usiku, au taa kubwa husimamishwa nje ili usiku uwe asubuhi. Fundi wa sauti atazima friji yako, kwa sababu mngurumo wake unaingia kwenye maikrofoni. Mafundi wengi huweka funguo za gari lao ndani ya friji hiyo iliyozimwa: fundi hawezi kuondoka bila funguo, na akizifuata atakumbuka kuiwasha, chakula chako kisiharibike. Ni desturi inayonigusa, maana inaonyesha heshima ya mtu kwa nyumba isiyo yake.

Moyo wa mkataba ni sharti la kurudisha nyumba kama ilivyokutwa. Lakini "kama ilivyokutwa" haina maana bila ushahidi, kwa hiyo kila chumba kipigwe picha kabla ya mguu wa kwanza kuingia, mwenye nyumba na mtayarishaji wote wakiwepo. Mikwaruzo ya zamani ipigwe pia, ni haki ya mtayarishaji. Kama ukuta utapakwa rangi, mkataba useme utarudishiwa rangi ipi na nani ataipaka. Amana ishikiliwe hadi mtakapopita pamoja chumba kwa chumba siku ya mwisho.

Bima nayo. Bima ya nyumba ya kuishi kwa kawaida haikubali shughuli ya biashara yenye makumi ya watu, nyaya na taa za moto. Mtayarishaji anapaswa kuwa na bima yake, na jina la mwenye nyumba liandikwe kwenye hati yake. Nchini Marekani kiwango kinachoombwa mara nyingi ni fidia ya dola milioni 1 kwa tukio. Asiye na hati hiyo asiingie, hata akiwa mtu mpole kiasi gani.

Kibali cha kurekodi ni kazi ya mtayarishaji kukitafuta, ila mwenye nyumba akione kwa macho. Mjini Los Angeles vibali hupitia shirika lisilo la faida liitwalo FilmLA, na majirani hupewa taarifa kabla ya kazi kuanza. Hata pasipo na sharti hilo, waendee majirani wewe mwenyewe. Wao watavumilia malori bila kulipwa chochote, na kikundi kikiondoka wewe ndiye utakayebaki nao.

Upande wa kodi, sheria ya kodi ya Marekani ina kifungu 280A(g): ukiipangisha nyumba unayoishi kwa siku zisizofika 15 katika mwaka, mapato hayo hayahesabiwi kwenye kodi ya serikali kuu. Siku ya 15 ikifika, nafuu hiyo imekwisha kwa mwaka huo.

Si lazima pia nyumba nzima itumike. Katika filamu ya Home Alone ya mwaka 1990, nyumba inayoonekana ipo kweli Winnetka, Illinois, lakini sehemu kubwa ya matukio ya ndani ilichezwa kwenye seti iliyojengwa ndani ya shule iliyokuwa imefungwa karibu na hapo. Ukiombwa sura ya nje tu, mkataba na bei viwe vya nje tu.

Na sura ya nje ndiyo inayokumbukwa na watazamaji. Nyumba ya familia iliyotumiwa katika tamthilia ya Breaking Bad, mjini Albuquerque, ilianza kupokea wageni wasioalikwa waliotaka kurudia tukio la mhusika kurusha piza juu ya paa. Mwaka 2015 mtunzi wa tamthilia, Vince Gilligan, aliwaomba hadharani waache. Mwaka 2017, miaka minne baada ya tamthilia kwisha, wenye nyumba walijenga uzio.