Ujumuishi na usawa katika utafiti wa afya: maana yake kwetu Zanzibar

Ujumuishi katika utafiti wa afya maana yake ni kwamba watu wanaopimwa, kuhojiwa na kujaribiwa dawa wawe wa aina zote za watu watakaokuja kuitumia: wanawake na wanaume, watoto na wazee, wa mjini na wa shamba, waja wazito, wenye ulemavu, watu wa Ulaya na watu wa Afrika. Usawa unakwenda mbele zaidi. Unauliza nani alichagua swali, nani alibeba mzigo wa utafiti, nani alipata faida, na matokeo yamewekwa wapi ili nani ayasome. Katika swali hilo la mwisho ndipo maktaba za afya zinapoingia.

Wengi hulichukulia suala hili kuwa la heshima na adabu tu. Ni la heshima kweli, lakini kwanza ni la usalama wa mgonjwa, na mfano wake mkubwa umetoka Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ushauri wa kimataifa ulikuwa kwamba penye watoto wengi wenye upungufu wa damu, watoto wote wadogo wapewe madini ya chuma pamoja na foliki asidi, vitamini inayosaidia kutengeneza damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, Chake Chake, wakawafuatilia zaidi ya watoto 24,000 wa Pemba wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Wako waliopewa chuma na foliki asidi kila siku, na wako waliopewa vidonge visivyo na dawa. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya muda wake. Waliokuwa wakipewa chuma walikuwa wanalazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionesha ziada ya asilimia 12. Wakati huohuo, utafiti wa aina hiyohiyo kusini mwa Nepal haukuona madhara hayo.

Tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili ni malaria. Pemba ya miaka ile malaria ilikuwa ikiambukiza kwa wingi, Nepal kidogo sana. Na hata Pemba penyewe, katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likatahadharisha kwamba katika maeneo yenye malaria watoto wasigaiwe chuma wote kwa pamoja bila kupimwa nani anakihitaji. Siku hizi mkazo ni kwamba chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Sasa tuseme jaribio lingefanywa Nepal peke yake. Kidonge kingeonekana salama, na kingeendelea kugaiwa hapa kwa nia njema kabisa.

Miaka iliyofuata Pemba ilitoa funzo jengine, safari hii kuhusu kitovu. Kule Asia ya Kusini, kumpaka mtoto mchanga klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kitovuni kulikuwa kumepunguza vifo. Ilipojaribiwa Pemba kwa zaidi ya watoto wachanga 36,000, matokeo yakachapishwa 2016: haikupunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa. Jibu la kwengine halikuwa jibu letu.

Ndiyo maana takwimu za nani anachunguzwa duniani zinatia wasiwasi. Mwaka 2016 ilihesabiwa kwamba kiasi cha asilimia 81 ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za vinasaba walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika asilimia 3 tu. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionesha kuwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hukosea zaidi kwa watu weusi: mgonjwa ameishiwa na hewa, kioo kinasema yuko salama.

Pengo jengine ni la wanawake, nalo liko hapa nyumbani. Likitajwa neno kichocho, humjia mtu picha ya mtoto wa kiume anayekojoa damu. Lakini mayai ya vimelea hivyo hukwama pia kwenye njia ya uzazi ya mwanamke, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, hata ugumba. Dalili hizo hufanana na maradhi ya zinaa, basi mwanamke huandikiwa dawa isiyomsaidia, na juu yake akaulizwa maswali ya kumvunjia heshima kuhusu ndoa yake. Kwa muda mrefu ugonjwa ulipimwa kwa kikopo cha mkojo tu, na mkojo hauwezi kueleza yote haya.

Ujumuishi pia hauna maana ya kuwajaza watu kwenye daftari. Hapa kwetu mtafiti hupita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, kabla ya kubisha hodi, na ni utaratibu mzuri. Lakini idhini ya sheha haiwi ridhaa ya mama mwenye mtoto. Fomu asomewe kwa Kiswahili anachokisema, aelezwe kuwa akikataa hatonyimwa matibabu, na aambiwe matokeo yatamrudia vipi.

Nije kwenye maktaba. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari, unaozipa nchi za kipato cha chini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Tanzania imo katika kundi la bure. Tatizo ni kwamba mlango hufunguliwa kwa jina la taasisi na nywila yake. Mwanafunzi wa udaktari anaye mkutubi wa kumuuliza. Muuguzi wa kituo cha afya cha shamba mara nyingi hajui hata kama mlango upo. Mkutubi anayetaka usawa hamsubiri aje. Humfuata, akamfundisha kutafuta, na akampigania aingizwe.

Kazi yake nyengine ni kuchagua kinachoonekana. Tafiti nyingi za Afrika hutoka kwenye majarida madogo, ripoti za wizara na tasnifu za wanafunzi, ambazo faharasa kubwa za kimataifa, yaani orodha za kutafutia makala, haziziorodheshi. Anayetafuta huko peke yake atadhani hakuna kilichoandikwa. Maktaba inayozikusanya, kuzipangia maneno ya kutafutia na kuziweka wazi mtandaoni inawarudisha watu wake ndani ya elimu.

Lakini upungufu unaoniuma zaidi ni wa lugha. Matokeo ya tafiti za Pemba yamechapishwa kwa Kiingereza, ilhali familia zilizokubali watoto wao washiriki husema Kiswahili. Kila utafiti ungepaswa kuacha japo ukurasa mmoja wa Kiswahili katika maktaba, kwa sheha na kwenye kliniki ya mama na mtoto: kiliulizwa nini, walishiriki watu wangapi, kimeonekana nini, na mwenye suali amwendee nani. Hauhitaji fedha nyingi, na wakutubi, wauguzi na wanafunzi wetu wanaweza kuuandika. Waanze na utafiti wa vidonge vya chuma.