Uzito wa mtoto haumpimi mama

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mama mkwe aliyemsindikiza mkaza mwanawe kliniki ya wiki ya 6 baada ya kujifungua: "Sista, mtoto ananenepa vizuri, huyu anaumwa nini?" Nina mwaka mmoja na nusu tu wa ukunga hapa Eastlands, Nairobi, na maneno hayo nimeshayasikia kwa waume, kwa majirani, hata kwa wenzangu wa wodini, kana kwamba mstari unaopanda katika kijitabu cha mama na mtoto unawapima watu wawili.

Haumpimi mama hata kidogo. Mama mwenye unyogovu, ugonjwa wa akili unaoweza kumpata baada ya kujifungua, anaweza kunyonyesha kila mtoto anapolia na kumpaka mafuta hadi ang'ae, ilhali yeye hapati usingizi hata mtoto anapolala. Mtoto wa wiki hii alikuwa amepigiwa pasi hadi kofia. Mama yake alikuwa amevaa sweta ndani nje.

Sizungumzii machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua, ambayo kwa kawaida hukauka kabla ya wiki 2 kwisha. Anayesikia sauti zisizokuwepo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kutambua unyogovu huo tunatumia dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Swali la 10 linahusu kujidhuru, na mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu anayejaribu kujiua kinakiuka Katiba, kitendo hicho kilikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Tena swali hilo tunaliuliza mama mkwe akiwa ameketi pembeni, kisha tunaandika "kamwe" na kuita mwingine! Siku hizi namwomba bibi ambebe mjukuu nje kwanza.

Linalonisumbua ni neno "huzuni" katika maswali hayo. Wengi hulikana, lakini husema, "Nafikiria sana." Kodi ya nyumba ikiwa haijalipwa, kufikiria sana ni ugonjwa au ni hesabu? Mara nyingine natoa alama nikiwa na shaka, na naamini ni heri nikosee kwa kumwita tena.

Bibi alipotoka, yule mama alikaa kimya, kisha akasema anatamani alale asiamke. Sikumwachia aondoke peke yake. Nilimpeleka mwenyewe hadi kwa mshauri wa afya ya akili, mtoto akiwa bado nje kwa nyanya yake.