"Viwango vya usanifu" sio kufananisha maduka

Juzi nimelisikia tena, kwenye kahawa hapa Ujiji baada ya Alasiri. Mzee wangu mmoja mwenye fremu mbili za urithi kwenye mtaa wa zamani alikuwa kasikia kuna watu wanaongelea kuweka viwango vya usanifu kwa maduka ya kale, akasema hapo ndo tumekwisha, tutapangiwa ramani moja, rangi moja, bati moja, mtaa mzima kama kota za reli. Kijana aliyekaa pembeni akamjibu afadhali mzee, yafanane yote, mji upendeze. Wakabishana mpaka kashata zikaisha kwenye sinia na hakuna aliyegundua kwamba wanaamini kitu kile kile, yani viwango vya usanifu ni kufananisha. Hapana jamani. Na sio mara ya kwanza wala ya tatu kulisikia hili, ndo maana nimekaa kuandika.

Maana yake kwa haraka haraka. Viwango vya usanifu kwa eneo la biashara la kale ni masharti ya maandishi yanayosema duka la zamani likikarabatiwa, likiongezwa au jipya likijengwa katikati yao, mambo gani ya nje yaheshimiwe: urefu wa jengo, limekaa mbali gani na barabara, milango na madirisha yamepangwaje, paa linamwaga maji upande gani, ukuta ni wa nini, bango liwe na saizi gani na likae wapi. Basi. Ndani ukitaka weka mafriji kumi, mara nyingi hakuna wa kukuuliza. Na tofauti yake na mwongozo ni kwamba kiwango kinasema "lazima" na mwongozo unasema "ni vizuri". Hilo tuliache, halina ugomvi.

Ugomvi uko kwenye neno sanifu.

Wengi wetu sanifu tumekutana nayo mara ya kwanza darasani, Kiswahili sanifu, na fimbo iko mezani. Pale ilikuwa na maana ya kile kimoja kilichokubaliwa, vingine vyote ni makosa. Na kwenye lugha kweli ilikwenda hivyo, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi, 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha ya vitabu vya shule Afrika Mashariki, na sisi wa huku ziwani ambao babu zetu walikijua Kiswahili tangu enzi za misafara tukaanza kuambiwa tunaongea vibaya. Kwa hiyo mtu wa Ujiji akisikia "sanifu" na anakunja uso, simlaumu hata kidogo.

Ila neno lenyewe ni la zamani kuliko hiyo kamati. Limetoka kwenye Kiarabu, sannafa, kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu, na ukilifuata zaidi unakuta sinf, ambayo ni aina. Ndo ukoo huo huo tuliopata tasnifu, ile kazi ndefu anayoandika mtu wa chuo kikuu, na unajua mwenyewe tasnifu mbili zikifanana mmoja wao ana kesi ya kujibu. Sasa angalia, mzizi unaongelea aina, hiki kikae na wenzake, kile nacho na wenzake, na Waswahili walipolichukua wakalitumia kwa kutunga kitu kwa ustadi. Hii maana ya "kimoja kwa wote" ni tawi lililoota baadaye, na lina jina lake kabisa, kusanifisha. Msanifu majengo anasanifu, hasanifishi. Herufi tatu tu zimeongezeka pale katikati lakini ndo zimewamalizia watu kahawa.

(Na kwa kuwa tumefika huku, msanifu sio msanii pia. Sanaa ina mzizi wake mwingine, inaishia na ile herufi ya ain ya kooni, sanifu inaishia na fa. Siku hizi mtaani ukisema fundi "analeta usanii" maana yake amekula hela ya simenti, kwa hiyo angalia unavyomtambulisha mtu.)

Turudi dukani. Babu yangu aliacha duka la matofali mabichi ya udongo, baraza mbele, mlango wa mbao wa vipande vinne unaokunjwa, ukiufungua wote duka linakuwa wazi kama mdomo na mteja anaona mpaka ndoo za mawese nyuma. Ndugu mmoja wa familia, nia nzuri kabisa, akasema tulihifadhi. Akaita fundi, ukuta wote ukapigwa lipu ya simenti, baraza ikawekwa tailizi, mlango ukatolewa ikaja grili. Lilipendeza mwaka mmoja. Ukuta wa udongo unanyonya unyevu kutoka chini na unautoa kidogo kidogo usoni, lipu ya udongo na chokaa inaupitisha, simenti inauzuia. Msimu wa pili wa mvua lipu ikaanza kuachia, unaigonga inalia tupu, halafu ikabanduka vipande vikubwa kama ganda la muhogo na nyuma yake tofali ni tope, unachomeka kidole kinaingia. Kiwango cha usanifu kingesema nini pale? Sentensi moja tu, ukuta wa udongo usipigwe lipu ya simenti. Hakina shida na rangi yako wala jina la duka lako, na wala hakisemi ufanane na jirani.

Sasa lile la kufanana ndo linalonichekesha zaidi, kwa sababu viwango vyenyewe, ukivisoma vya wenzetu waliovianza, vinakataza. Marekani mji wa Charleston uliweka sheria ya kulinda mtaa wa kale tangu 1931. Na Wizara yao ya Mambo ya Ndani, ambayo kule kazi yake kubwa ni ardhi na hifadhi za taifa, ina viwango kumi vya kukarabati majengo ya kale vilivyoandikwa miaka ya 1970, na hata vijiji vidogo vyenye mtaa mmoja wa maduka huwa vinaazima kutoka humo. Kimoja kinakataza kubandika mapambo ya kubuni ili jengo lionekane la zamani kuliko lilivyo. Kingine kinasema sehemu mpya itofautiane na ya kale, mtu aone hii ni ya juzi, ila kwa ukubwa na mpangilio ivumiliane na ile iliyotangulia. Umeona? Itofautiane. Na ule mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema kazi ya kurejesha jengo iishie pale unapoanza kukisia. Mwaka huo huo na sisi tulipata Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ambayo inalinda mpaka milango ya mbao na fremu za milango zilizonakshiwa kabla ya 1940, kwa hiyo kabla hujamuuzia mtalii mlango wa bibi yako, uliza kwanza.

Kwa hapa kwetu ingekuwaje? Reli ilifika Kigoma 1914 na biashara nyingi ikahamia kule bandarini, Ujiji ikabaki na mitaa yake na miembe yake. Ukitembea kwenye maduka ya zamani hayafanani hata kidogo, huyu ana baraza ya juu, huyu ya chini, huyu madirisha mawili, yule hana. Ila yote yamekaribia barabara, yote mafupi, yote yana kivuli mbele cha mtu kukaa. Hayo matatu ndo ungeandika. Mtu akija na ghorofa nne za vioo, akarudi nyuma mita kumi apate parking, hapo kiwango kinamwambia mkuu, hapana. Akija na duka jipya la tofali za kuchoma, mlango mmoja mkubwa, bango lake dogo juu ya mlango, halifanani na lolote, karibu sana.

Na ukitaka kuona kufananishwa kweli kweli, simama barabarani uhesabu maduka yaliyopakwa rangi za makampuni ya simu na soda. Hayo hayana kiwango chochote, mtu kaletewa ndoo ya rangi ya bure na bango, kesho jirani naye kaletewa, mtaa mzima umekuwa rangi mbili. Mzee wangu wa kahawa fremu yake moja ndo hivyo ilivyo, nyekundu mpaka darini, na ndiye aliyeogopa kupangiwa rangi. Sikumwambia pale mbele za watu.

Nilichomwambia tulipoachana ni kidogo tu, kwamba mzee shikamoo yako naiheshimu, lakini lile neno mlilobishania, kufanana, hebu weka kuwiana mahali pake halafu uniambie kama bado unapinga. Akanyamaza, akauliza, "Kwani mlango wangu wa kukunja utabaki?" Nikamwambia utabaki, tena huo ndo hawatakuruhusu kuutoa.